Ncha Namba Saba

Jumapili, baada ya misa

Dada yangu Editha,

Nakuomba kwa ziwa la mama tulilonyonya wote wawili, barua hii isisomwe na mtu mwingine, hata kipande. Nimempa Sista Yustina anayekwenda likizo kwao Karema. Ameahidi kushuka Mpanda na kukutafuta mpaka Litapunga akukabidhi mkononi, si dukani, wala si kwa mtoto. Ukishaisoma ichome kwenye mafiga. Ningeweza kukuandikia kwenye simu, lakini simu ya nyumbani tunaijua. Ujumbe ukiingia, anayepita ndiye anayesoma, na asiyejua kusoma anasomewa.

Mnaendeleaje huko? Mguu wa Mama umepungua kuvimba, au bado anauficha chini ya kanga akisema hauumi? Na mtoto Gasto, ameacha kula udongo? Nadhani sasa mnavuna majani ya chini ya tumbaku na bani la kuyakaushia limeshawashwa moto. Nikifumba macho naweza kuisikia ile harufu. Mimi mwili ni mzima. Baridi nimeizoea kama mtu anavyomzoea mkwe mkali, sijibizani nayo, naipisha tu. Jana theluji ilianguka tena, na wazungu wenyewe walikuwa wanailalamikia kana kwamba ni mgeni aliyekuja bila taarifa.

Nina aibu, Dada. Nalisema mapema ili usilitafute katikati ya maneno mengine.

Ngoja kwanza nikueleze kazi yangu, maana hata wewe sijawahi kukueleza sawasawa. Ule mwaka wa kujitolea kwa masista ulipokwisha, nikiwa nimeshajua lugha, nilipata ukarani kwenye maabara ya chuo kikuu. Natunza rejesta, napokea mizigo, nabandika namba kwenye visanduku. Baba aliposikia "chuo kikuu" na "maabara" akaanza kuniita Daktari, na bahasha zake zote zinakuja na Dkt. mbele ya jina langu. Ya kwanza ilinichekesha, nikasema nitamsahihisha tukiongea. Tumeongea mara nyingi tangu siku hiyo.

Chini ya ardhi kwenye jengo letu kuna mashine inayochora picha za atomu, zile chembe ndogo mno ambazo kila kitu kimejengwa nazo. Haitazami kwa kioo, inapapasa. Ina sindano moja inayopita juu ya kipande cha dhahabu, karibu mno lakini bila kugusa, na umeme kidogo unairuka ile nafasi. Sindano ikipita juu ya mwinuko, umeme unaongezeka, ikipita juu ya bonde unapungua, na kompyuta inachora. Ni kama asiyeona anavyoijua sura ya mwanawe kwa kidole, ila kidole hiki hakifiki kwenye ngozi. Kwa hiyo kidole kiwe chembamba. Kwenye ncha ya sindano, mwisho kabisa, inatakiwa itangulie atomu moja tu. Zikitangulia mbili, mashine inapapasa kwa vidole viwili, na kila kitu kinaonekana mara mbili.

Ncha hizo tunazitengeneza wenyewe. Unachukua waya wa tungsten, ile metali ya uzi uliokuwa unawaka ndani ya globu za zamani, unakata kipande kifupi kama njiti ya kiberiti. Unakining'iniza wima kwenye maji ya kostiki, ileile ambayo Mama anatengenezea sabuni, halafu unapitisha umeme. Waya unalika pale usoni mwa maji. Unakonda kiuno kama nyigu, mpaka kipande cha chini kinashindwa kujibeba kinadondoka. Hapo hapo unakata umeme. Ukichelewa muda wa kupepesa jicho, kostiki inaendelea kula, na ncha inakuwa butu. Kisha unasuuza kwa maji safi ya vuguvugu, unapitisha kwenye spiriti, unatazama kwenye hadubini. Ikiwa safi, unaandika kwenye rejesta: safi.

Si kazi ya karani. Lakini mzee Holger, fundi mkuu wetu, aliniona siku moja nikifunga vifurushi kwa uzi.

"Mikono hiyo umeipata wapi?" akaniuliza.

"Kwenye tumbaku," nikamjibu. "Nimefunga na kuchambua majani tangu nikiwa mtoto."

"Majani mangapi?"

"Hakuna aliyehesabu, mzee."

Akacheka, na wiki iliyofuata akanipa waya. Yeye macho yamechoka. Kumbuka hilo la mikono, nitalirudia.

Rejesta ya Holger haifutwi. Ukikosea unachora mstari mmoja mwekundu juu ya ulichoandika, unaandika sababu, unatia sahihi. Kila Jumatatu asubuhi Profesa anasoma mistari yote myekundu kwa sauti, watu wote wakiwa wamesimama na vikombe vya kahawa. Hawagombi. Wanasikiliza tu, kisha wanaendelea na kazi. Wao wamezoea, wengine hata hutaniana. Mimi nilikuwa tayari kufa kuliko jina langu lisomwe pale, mgeni, mweusi peke yangu siku hizo, karani asiye na shahada. Kurasa zangu hazikuwa na mstari mwekundu hata mmoja. Unajua nilifanyaje? Asubuhi, mkono ukiwa umetulia, nilikuwa naandika kabisa namba moja mpaka kumi na mbele ya kila moja neno safi, kwa mwandiko mzuri. Ndipo naanza kutengeneza. Ncha ikiharibika naitupa na kutengeneza nyingine ya namba hiyohiyo mpaka ikubaliane na nilichoandika. Nilijiona mwerevu.

Mwezi wa nane, mnakumbuka siku mliyonipigia kutoka ghalani, soko la tumbaku likiendelea? Kile kifaa kinachokata umeme chenyewe kilikuwa kimepelekwa kutengenezwa, nikawa nakata kwa mkono. Ncha ya saba ilikuwa majini, kiuno kimeshaanza kukonda. Simu ikatetemeka mfukoni. Baba. Ningeiacha, lakini Baba hapigi bila sababu, na mguu wa Mama ulikuwa umeanza. Nikapokea, na kumbe ni kundi zima.

"Weka sauti ya juu, weka sauti ya juu!" nikamsikia Baba mdogo Kalisti.

"Daktari!" Baba akasema. "Uko na wazee wa chama cha ushirika hapa. Waambie unafanya nini sasa hivi."

"Shikamooni. Natengeneza sindano, Baba."

"Mnasikia? Sindano ambayo ncha yake haionekani kwa macho!"

"Sasa kama haionekani," Baba mdogo akasema, "atajuaje kama imeshamchoma mtu? Si mtakuta mgonjwa kalala na sindano haijulikani iko wapi!"

Ghala zima likacheka, na mimi nikacheka. Nilisikia raha, Dada. Niliyaona magunia, mizani, Baba amesimama katikati na kofia yake. Nilipogeuza macho kipande cha chini kilikuwa kimeshadondoka, sijui tangu lini, na umeme bado unapita.

Nikakata simu kwa kisingizio. Ncha ilikuwa butu kama mwiko. Nilitakiwa niitupe, ila siku hiyo waya uliokuwa umekatwa tayari ulikuwa wa ncha kumi tu, wa kuongeza ulikuwa kwenye kabati la Holger, na kumwomba ni kumweleza. Nikaitumbukiza tena nikidhani itachongoka upya. Ililika upande. Kwenye hadubini niliona pembe mbili fupi, kama mbuzi mdogo. Niliziona vizuri kabisa. Nikatazama rejesta. Namba saba: safi. Nikaiweka kwenye kisanduku, shimo la saba, nikafunga kifuniko. Nilijiambia kwamba wataigundua mashinani na kuitupa, kama wanavyotupa nyingi.

Hawakuitupa. Iliangukia kwa Ilunga.

Ilunga ni mwanafunzi wa udaktari, ule wa vitabu si wa hospitali, kwao Kalemie, ng'ambo ya ziwa letu, unavuka maji tu kutoka Karema. Alifika mwaka mmoja baada yangu. Siku ya kwanza nilikigonga kitoroli nikakiambia "pole," naye akageuka kama aliyeitwa na mama yake.

"Weye! Unapolea chuma? Ni wa wapi?"

"Katavi."

"Aa, ng'ambo! Nyie ndio mnavua dagaa wetu wakivuka!"

"Dagaa hawana pasipoti," nikamjibu.

Tangu hapo tukawa watani. Aliniita jirani. Sikukuu alipika ugali akaniita, akausifia kuliko unavyostahili.

Kubadilisha ncha kwenye ile mashine ni kazi ya siku mbili tatu, kwa sababu ndani imenyonywa hewa yote. Kwa hiyo mtu akipata ncha inayochora, anaing'ang'ania. Ilunga aliing'ang'ania namba saba miezi mitano. Alikuwa ametandaza dawa fulani juu ya dhahabu, na kila alipochora aliona vichembe vyake vimelala viwiliviwili. Hakuna aliyewahi kuona hivyo. Alifurahi mno! Alibandika picha karibu na mashine ya kahawa, akaandika chini yake kwa mkono: "Hata hizi zinaogopa kulala peke yao." Akaanza kuandika kitabu chake cha udaktari juu ya wawili hao. Akamwambia mkewe aanze kutafuta viza ili awepo siku ya kutahiniwa.

Mimi niliiona ile picha nikiwa nasubiri kahawa. Kila kichembe kina mwenzake upande wa juu kulia, umbali uleule. Lakini ukingo wa dhahabu nao ulikuwa mara mbili. Na kwenye kona palikuwa na uchafu, doa tu la takataka, nalo lina mwenzake juu kulia, umbali uleule. Uchafu hauzaliwi pacha, Dada. Kikombe kilinichoma vidole, sikukisikia.

Basi siku moja Profesa aliuliza kikaoni, mbele ya wote: "Ilunga, una uhakika wawili hawa hawatoki kwenye ncha?" Nilikuwa mlangoni na kitoroli cha mizigo. Ilunga hakubishana. Alishuka ngazi mbio, akarudi na rejesta, akaifungua mezani.

"Namba saba. Safi. Mwandiko wa Resti," alisema. "Huyu haandiki uongo. Hata nukta zake ni za kweli."

Wakacheka, wakageuka wote kunitazama. Nami nikacheka. Hicho ndicho kinachonila. Kuchelewa kukata umeme ni bahati mbaya, kuiweka kisandukuni ni woga, lakini pale nilicheka, na kicheko changu ndicho kilichokuwa jibu kwa Profesa. Hakuuliza tena.

Hiyo ilikuwa mwezi uliopita. Kitabu kinakwenda kwa watahini wiki ijayo. Wageni hao wana macho makali, wataona ule uchafu kama nilivyouona mimi, na watasema Ilunga alijua akaficha. Atarudi Kalemie na jina la mwongo, na uongo si wake.

Wiki tatu hizi sikulala vizuri, na kila nilipofumba macho sikuona maabara. Niliona ghala. Unakumbuka lile robota la tumbaku? Mimi nina miaka kumi na moja, wewe kumi na minne. Nilichoka kuchambua, nikayasukuma majani mabovu ya chini katikati ya robota, nikayafunika kwa mazuri. Mnunuzi akapenyeza mkono akayavuta mbele ya watu. "Hata wewe, mzee?" akasema. Baba alilifungua robota zima pale pale sakafuni akaanza kuchambua jani kwa jani, watu wakimruka kupita, mpaka mchana. Nyumbani akauliza mara moja tu, "Ni nani?" Na wewe ukasema, "Mimi."

Hukuchapwa, lakini alikuondoa kwenye kuchambua misimu miwili, akakupa kuni na maji. Wewe uliyekuwa unalijua daraja la jani kwa kulinusa. Mimi nikakalia kile kigoda chako. Mikono ambayo Holger aliisifu, Dada, ilijifunzia kwenye kigoda chako. Hatujawahi kulizungumza. Nakuomba msamaha leo, miaka yote hii baadaye, kwa kalamu, kwa sababu kwa mdomo nisingeweza.

Safari hii hakuna Editha wa kusema "mimi." Hilo ndilo lililonisukuma, si ushujaa.

Jana Jumamosi mchana nilimkuta Ilunga kwenye korido anakula wali kwenye kopo.

"Jirani! Karibu, unibebee dhambi ya pilipili."

"Namba saba si safi," nikasema.

"Namba saba ya basi?"

"Ya ncha. Ina pembe mbili. Niliziona kabla sijaiweka kisandukuni."

Kijiko kilibaki hewani. "Kabla?"

"Kabla."

"Na siku Profesa alipouliza, ulikuwa mlangoni."

"Nilikuwa mlangoni."

"Ulicheka."

"Nilicheka."

Akafunika kopo polepole, akabonyeza pembe zote nne za kifuniko. Nilingoja matusi. Nilitamani aseme nyie watu wa ng'ambo, aseme dagaa, aseme lolote la utani hata likiwa na sumu. Akasema, "Asante kwa kuniambia, Bi Karani." Hajawahi kuniita hivyo tangu tujuane.

Akatembea mpaka mwisho wa korido, akasimama, hakugeuka.

"Mstari mwekundu utauchora weye mwenyewe. Miye sitakuchorea."

"Nitauchora. Na ncha mpya, nikutengenezee?"

"Nitatengeneza mwenyewe. Utakaa pembeni uniambie wakati wa kukata umeme. Usiguse kitu."

Leo asubuhi nimeshuka maabara kabla ya misa, nimeuchora. Nimeandika: "Si safi. Nilijua tangu siku ya kwanza." Kesho Profesa atausoma kwa sauti, na Ilunga atakuwa amesimama hapo na kikombe chake. Holger aliniambia siku aliyonipa waya kwamba humu mtu anaweza kuvunja mashine akabaki, ila anayeandika uongo habaki. Kibali changu cha kuishi huku kinategemea kazi hii. Naogopa, siwezi kukuficha. Naogopa pia kwamba Ilunga hatapewa muda wa kuchora upya, na hilo mstari wangu hauwezi kulirudisha.

Usimwambie Baba. Si kwa sababu nataka asijue. Nitamwandikia mwenyewe yote mawili, hili na lile la robota, nikishajua kesho imekwendaje. Ikitoka kwako itakuwa umenibebea tena.

Nisalimie Mama, mwambie auweke mguu juu akikaa. Nisalimie shemeji yangu, na Gasto mla udongo. Baba mdogo mtunza ghala mwambie sindano imemchoma mtu, na imejulikana iko wapi. Hataelewa, atacheka tu, mwache acheke. Nisalimie mama yangu wa ubatizo, aniombee bila kuuliza sababu.

Sasa namna ya kunipata. Kuanzia kesho usipige namba ya ofisini, huenda asipokee mtu anayenijua. Hata ile ya mkononi usipige, maana nikiisikia sauti yako nitalia na nyie wote mtaitana. Andika. Chumba ninachokaa ni cha chuo, nikifukuzwa nitakihama, kwa hiyo tuma kwa masista nilikofikia mwanzo, anwani iko nyuma ya ile kadi ya Krismasi yenye punda. Au mpe Sista Yustina kabla hajarudi. Atakuwa Karema wiki tatu, na siku ya kuondoka atalala parokiani Mpanda kusubiri treni, muulizie hapo. Juu ya bahasha andika Restituta, na jina la Baba, basi. Baba akitaka kuandika yeye, mwachie, ana mwandiko mzuri kuliko wetu. Ila mwambie asiweke Dkt. Akikuuliza kwa nini, usimtungie sababu. Mwambie Resti amesema liondolewe, na atamweleza mwenyewe.

Mdogo wako,
Restituta
karani